Virusi au mazoezi na hisia: utafiti upi unamfaa mwanafunzi?

Msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti ukifika, wanafunzi wengi wa sayansi hukwama kati ya mada mbili. Upande mmoja kuna biolojia ya virusi, upande wa pili kuna athari za mazoezi ya mwili kwa hali ya akili. Zote zinavutia, na zote zina mambo ambayo sayansi bado haijayamaliza. Ndiyo maana uamuzi unakuwa mgumu.

Wengi huanza kwa kujiuliza ni ipi wanaipenda zaidi. Ni swali halali, ila halitoshi. Mimi huwahimiza waanze na jingine: ugumu wa kazi hii utakaa wapi? Kwenye virusi, sehemu kubwa ya ugumu huja kabla ya data. Kuna maabara, usalama, na vijidudu visivyoalikwa vinavyoharibu sahani za kuoteshea bakteria. Ukishavuka hapo, namba unazopata husomeka vizuri. Kwenye mazoezi na hisia, namba hupatikana mapema, maana kinachohitajika ni dodoso, saa na mahali pa kutembea. Ugumu unaanza pale unapotaka kusema namba hizo zina maana gani. Ukijua ni ugumu upi unaouweza, umeshapiga hatua kubwa kuliko kusoma makala kumi kuhusu kila mada.

## Vigezo vya kulinganisha

Nitazipima njia hizi mbili kwa mambo haya: swali unaloweza kuuliza, vifaa na usalama, ruhusa na maadili, muda, na kile ambacho data inakuruhusu kusema. Kisha nitaeleza kila njia inamfaa nani.

Vigezo hivi havilingani uzito. Vifaa na ruhusa vinaweza kuua mradi kabla haujaanza, kwa hiyo viulizie kwanza hata kama moyo umeshapenda upande mmoja.

## Swali unaloweza kuuliza

Virusi. Mwanafunzi akisikia neno virusi huwaza mafua, UKIMWI au UVIKO-19, kisha anakata tamaa kwa kuwa hakuna atakayemruhusu kuvishika. Lakini kuna virusi tele visivyomgusa binadamu kabisa, kwa sababu mawindo yao ni bakteria. Huitwa bakteriofaji, au faji kwa kifupi. Frederick Twort alizieleza mwaka 1915 na Félix d'Hérelle mwaka 1917, na hadi leo ndizo mlango mpana zaidi wa mwanafunzi kuingilia kwenye fani hii.

Maswali yake hukaa wima bila kuegemezwa. Faji fulani inavumilia joto kiasi gani kabla haijapoteza uwezo wa kuambukiza? Chumvi ikiongezeka, inaendelea kuwashika bakteria kwa kasi ile ile? Bakteria waliosalimika baada ya shambulio wamekuwa sugu, na usugu huo unarithiwa? Swali la aina hii ndilo Salvador Luria na Max Delbrück walilolishughulikia mwaka 1943. Kwa sahani, bakteria na hesabu, walionyesha kwamba mabadiliko yanayoleta usugu hutokea kabla bakteria hawajakutana na virusi. Jaribio hilo bado linaweza kurudiwa kwenye maabara ya kufundishia.

Na kazi ya mwanafunzi haiishii kwenye kabati la ripoti kila mara. Mwaka 2010, huko Durban, faji iliyopewa jina Muddy ilipatikana kwenye bilinganya iliyooza, katika mpango wa mafunzo unaowapeleka wanafunzi kuwinda faji wapya. Mwaka 2019 watafiti waliripoti kwamba Muddy ilikuwa miongoni mwa faji tatu zilizotumika London kumtibu kijana wa miaka 15 aliyekuwa na maambukizi ya bakteria sugu baada ya kupandikizwa mapafu, na hali yake ikawa nafuu. Hakuna anayeweza kukuahidi matokeo kama hayo. Nayataja kwa sababu yanavunja dhana kwamba utafiti wa shule au wa shahada ya kwanza ni maigizo ya sayansi.

Mazoezi na hisia. Hapa maswali ni mengi kupita kiasi, na huo ndio mtego. "Je, mazoezi hupunguza sonona?" ni swali la timu nzima yenye madaktari. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke waliwafuatilia watu 156 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea waliokuwa na sonona. Kwa wiki 16, wengine walifanya mazoezi, wengine walitumia dawa ya sertraline, na wengine vyote viwili. Mwishoni makundi yote yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana, ingawa waliotumia dawa pekee walianza kuona nafuu mapema zaidi. Huo ni mzigo ambao mwanafunzi mmoja hawezi kuubeba, na kwa sababu za kimaadili hapaswi kuujaribu.

Swali lako liwe dogo zaidi: kutembea kwa kasi dakika 20 kunabadilisha vipi hali ya moyo, yaani hisia, ya wanafunzi wenye afya ndani ya saa moja? Kutembea peke yako na kutembea na mwenzako kunatofautiana? Kasi ikizidi, raha inaongezeka au inapungua? Maswali madogo ya namna hii yana utajiri ambao watu huudharau.

Tahadhari moja hapa: usiandike kwamba utapima "homoni ya furaha". Maelezo kwamba endofini ndizo zinazoleta raha baada ya kukimbia yameenea sana, lakini endofini zilizo kwenye damu hazivuki kirahisi kuingia kwenye ubongo, na watafiti wengi sasa wanaangalia pia endokanabinoidi, kemikali za mwili zinazofanana na zile za bangi. Ukiwa na dodoso, unachopima ni hisia ambazo mtu anasema anazo. Baki hapo, panatosha.

## Vifaa na usalama

Virusi. Unahitaji maabara yenye inkubeta (kabati la joto la kuoteshea), otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke), pipeti, sahani za petri, na aina ya bakteria isiyodhuru kama *E. coli* K-12. Unahitaji pia msimamizi anayejua kufanya kazi bila kuchafua sampuli, na huyo ni muhimu kuliko mashine yoyote. Maabara za kibiolojia hupangwa kwa ngazi nne za usalama. Faji pamoja na bakteria wasiodhuru hukaa ngazi ya kwanza, na mwanafunzi anayeanza abaki hapo. Kila kilichotumika huuawa vijidudu kabla ya kutupwa, kwa kawaida kwa mvuke wa nyuzi 121 za Selsiasi. Kuotesha bakteria nyumbani kutoka kwenye mate, jeraha au maji machafu ni hatari. Hujui unachokikuza, na sahani iliyojaa huwa na mamilioni yao.

Kama maabara haipo, bado kuna virusi kwenye kompyuta. Jenomu rejea, yaani nakala ya kulinganishia ya maelezo yote ya urithi, ya SARS-CoV-2 (virusi vya UVIKO-19) ina nukleotidi, au herufi, 29,903, na ya faji phiX174, ambayo kundi la Frederick Sanger liliisoma mwaka 1977, ina 5,386 tu. Mifuatano hii iko wazi bure kwenye hifadhidata ya GenBank, pamoja na programu ya BLAST ya kuilinganisha. Kompyuta ya kawaida na intaneti vinatosha. Kuna pia njia ya hesabu, ya kujenga modeli ya kuenea kwa maambukizi kama ile ya Kermack na McKendrick ya mwaka 1927. Inafaa kwa anayependa hesabu kuliko sahani.

Mazoezi. Vifaa ni vichache: saa, mahali salama, na vipimo vilivyokwisha kuhakikiwa. PANAS, iliyochapishwa mwaka 1988, ina maneno 20 ya hisia, kumi chanya na kumi hasi, na mshiriki hujipa alama 1 hadi 5 kwa kila neno. Mizani ya Borg hupima jinsi mtu anavyohisi kazi ni nzito, kuanzia 6 hadi 20. Namba hizo zilichaguliwa ili ukizidisha kwa 10 ukaribie mapigo ya moyo kwa dakika ya mtu mzima mwenye afya. Kama dodoso limetafsiriwa, hakikisha tafsiri nayo imejaribiwa. Usikae jioni moja ukaitafsiri mwenyewe, kesho yake ukaigawa.

Usalama hapa ni wa mwili wa mtu. Kabla hajaanza kukimbia, mshiriki aulizwe kuhusu ugonjwa wa moyo, pumu, kizunguzungu na maumivu ya kifua. Akijibu ndiyo kwa lolote, hashiriki hadi aone daktari.

## Ruhusa na maadili

Tofauti kati ya njia hizi mbili ni kubwa mno hapa, na wengi huigundua wakiwa wamechelewa.

Kwa faji, ruhusa kuu ni ya usalama wa maabara. Hakuna ridhaa ya kuomba, maana hakuna mtu anayepimwa. Kwa mifuatano ya jenomu iliyo wazi, kazi ni nyepesi zaidi: fuata masharti ya hifadhidata na utaje data ilikotoka. Mambo hubadilika ukigusa sampuli ya binadamu, hata mate tu. Hapo unahitaji ruhusa zote mbili, ya usalama na ya maadili.

Kwa mazoezi na hisia, kamati ya maadili haikwepeki. Mshiriki aelezwe atafanya nini, aridhie kwa hiari, na ajue anaweza kujitoa wakati wowote bila kueleza sababu. Akiwa chini ya miaka 18, kwa kawaida mzazi au mlezi aridhie, na yeye mwenyewe akubali. Ukiwatumia wanafunzi wenzako, jiulize kama kweli wana uhuru wa kukukatalia. Rafiki anayeshiriki kwa kuona haya hajaridhia.

Nawasihi mliangalie kwa karibu jambo moja. Wanafunzi wengi hupenda kutumia PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima dalili za sonona, kwa kuwa ni fupi na halina malipo. Swali lake la tisa linauliza kama mtu amekuwa na mawazo kwamba afadhali afe au ya kujidhuru. Sasa fikiria umekusanya madodoso hayo, majina hayapo, na mmoja amejibu "karibu kila siku". Utamtafuta vipi? Nani yuko tayari kumsaidia siku hiyo hiyo? Kama huna jibu lililoandikwa, limekubaliwa na kamati na lina jina la mtaalamu, basi usitumie chombo hicho. Kipimo cha hali ya moyo ya sasa hivi kitakutosha, na hakitamwacha mtu peke yake na siri nzito.

## Muda

Jaribio moja la faji huchukua siku mbili au tatu: leo unakuza bakteria, kesho unapanda, keshokutwa unahesabu. Ukikosea, unarudia wiki hiyo hiyo. Lakini tenga wiki za mwanzo kwa kushindwa, kwa sababu mikono inahitaji kuzoea.

Kwa mazoezi, ruhusa inaweza kuchukua wiki nyingi kabla hujampima mtu hata mmoja. Kipimo cha siku moja kikishaanza huenda haraka. Mpango wa kufuatilia watu kwa wiki nane ni hadithi nyingine. Watu huacha, mitihani huingilia kati, na wanaobaki mara nyingi ni wale waliopenda mazoezi tangu mwanzo.

## Data inakuruhusu kusema nini

Virusi. Chukua kioevu chenye faji, ukizimue mara kumi, tena mara kumi, hadi mara milioni moja na kuendelea. Changanya kila kiwango na bakteria ndani ya aga laini (ute unaoganda kama jeli), mwaga juu ya sahani, weka kwenye inkubeta. Asubuhi sahani imefunikwa na utando wa bakteria wenye ukungu, na ndani yake kuna madoa angavu. Kila doa limeanzia kwenye faji moja iliyoambukiza seli moja, uzao wake ukapasua jirani, na jirani wa jirani. Sahani ya mzimuo mdogo imesafishika karibu yote, haihesabiki. Ya mara milioni moja ina madoa 74. Kama ulipanda mililita 0.1, basi kioevu cha mwanzo kina faji 740,000,000 kwa kila mililita. Kwa sahani ya kawaida, idadi kati ya 30 na 300 ndiyo huaminiwa.

Namba hiyo ina nguvu kwa sababu unaweza kuikagua. Sahani ya mzimuo unaofuata inapaswa kuwa na madoa kama saba. Sahani yenye bakteria bila faji isiwe na doa hata moja. Na doa lenyewe husema kitu: faji T7 huacha madoa makubwa ndani ya saa chache, wakati madoa ya faji lambda huwa na ukungu katikati, kwa sababu baadhi ya bakteria huipokea kwenye jenomu yao na kuendelea kuishi.

Udhaifu upo pia. Sahani tatu kutoka chupa moja si majaribio matatu. Ni jaribio moja lililosomwa mara tatu. Anza na bakteria waliooteshwa kwenye chupa tofauti, siku tofauti. Kwenye jenomu za kompyuta, kumbuka kwamba mifuatano mingi hutoka nchi zinazosoma jenomu nyingi, kwa hiyo kilichojaa kwenye hifadhidata si lazima ndicho kilichojaa duniani.

Mazoezi. Tuseme alama za hisia chanya zilikuwa na wastani wa 27 kabla ya kutembea na 32 baadaye. Inaonekana ushindi. Lakini washiriki walijua unachotafuta, na watu hupenda kumfurahisha mtafiti. Walitoka darasani wakapata hewa. Walizungumza njiani. Waliokuja wakiwa na siku mbaya kupindukia walikuwa na nafasi kubwa ya kupata alama afadhali mara ya pili, watembee wasitembee. Na huwezi kumficha mtu kwamba anafanya mazoezi, kama dawa ya kulinganishia isiyo na kitu inavyofichwa ndani ya kidonge.

Dawa yake ni muundo mzuri. Weka kundi linganishi linalofanya kitu cha kweli, kwa mfano kukaa nje dakika 20 na kusoma, au kunyoosha viungo taratibu. Wagawe watu kwa bahati nasibu. Au mpime kila mtu katika hali zote mbili kwa siku tofauti, nusu waanze na hii, nusu na ile, ili kila mtu ajilinganishe na nafsi yake. Hili la pili ndilo ninalolipendekeza kwa wanafunzi, kwa sababu ya idadi. Kugundua tofauti ya ukubwa wa kati baina ya makundi mawili, kwa viwango vya kawaida vya takwimu, huhitaji watu wapatao 64 kwa kila kundi. Wachache wana washiriki 128.

Wakati wa kupima nao hubadilisha jibu. Mtu akikimbia kwa kasi inayomfanya ashindwe kuzungumza, kwa kawaida hisia zake hushuka akiwa bado anakimbia, kisha hupanda ghafla akisimama. Ukipima kabla na baada tu, utaandika kwamba mbio kali zinafurahisha, na hutajua kwa nini mtu yule yule hakurudi wiki iliyofuata. Mizani ya hisia inayoanzia −5 hadi +5 huulizwa kwa sekunde chache, hata mtu akiwa kwenye mwendo. Uliza kila baada ya dakika tano, na utapata mchoro ambao hata mhakiki mkali ataukazia macho.

Ukifanya utafiti wa kuuliza tu nani anafanya mazoezi na nani anajisikia vizuri, usiseme kwamba kimoja kimesababisha kingine. Aliyezama kwenye huzuni mara nyingi huacha mazoezi kwanza.

## Nani anafaa wapi

Faji zinamfaa mtu mwenye subira ya mikono, anayeweza kuandika kila hatua kwenye daftari na kurudia jaribio lile lile bila kuchoka. Zinamfaa pia anayetaka jibu linalokaguliwa kwa jicho. Jenomu za kompyuta zinamfaa asiye na maabara lakini hachoki mbele ya mafaili marefu.

Mazoezi na hisia yanamfaa anayejua kuzungumza na watu, kupanga miadi na kutunza siri, na ambaye hataumia kuandika "matokeo haya yanaweza kuelezwa kwa njia tatu". Wanaojiandaa kwa saikolojia, ualimu, uuguzi au sayansi ya michezo watapata humo ujuzi ambao maabara haitawapa.

Wapo wanaotaka kuunganisha mada hizi. Uhusiano upo kweli. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake waliripoti utafiti ambamo watu 394 wenye afya walitiwa matone yenye virusi vya njia ya hewa puani, na wenye msongo mkubwa wa mawazo ndio waliopata maambukizi na mafua kwa wingi zaidi. Mwanafunzi hawezi kufanya hivyo, wala asiwaze. Anachoweza ni kuandika mapitio ya maandiko kuhusu mazoezi, msongo na maambukizi. Mapitio yaliyofanywa kwa utaratibu ni utafiti kamili.

## Kulingana na hali yako

- Una maabara na msimamizi wa mikrobiolojia, na miezi mitatu au zaidi: faji. Anza na swali moja, kama joto au chumvi, na uache kuwinda faji mpya hadi mikono izoee.
- Huna maabara wala muda wa kusubiri kamati: jenomu zilizo wazi, modeli ya maambukizi, au mapitio ya maandiko.
- Kamati ya maadili yako hukutana mara kwa mara na una watu 30 hivi walio tayari: mazoezi, kila mtu apimwe katika hali zote mbili, siku mbili tofauti.
- Kamati hukutana kwa nadra na tarehe ya kukabidhi iko karibu: usianze na watu, hata kama dodoso liko tayari mezani.
- Msimamizi wako ni hodari upande mmoja na wewe unapenda wa pili: mfuate msimamizi, mradi awe na nafasi ya kusoma kazi yako kila wiki. Mada unaweza kuibadilisha kwenye utafiti unaofuata.
- Kilichokuvuta kwenye mada ya mazoezi ni hali yako mwenyewe au ya mtu wako wa karibu: mwambie msimamizi mapema. Si kikwazo, lakini kunahitajika mtu mwingine wa kusoma madodoso pamoja nawe, na wewe uwe na wa kuzungumza naye majibu yakiwa mazito.